Kabla ya Kujiunga na Sumo: Mambo ya Kuzingatia Kuhusu Ndevu, Nywele na Unadhifu wa Mwili

Kijana anayekusudia kwenda Japani kucheza sumo ya kulipwa, mieleka ya jadi ya Kijapani, huulizia kwanza uzito, chakula na malipo, na mara chache sana huulizia wembe. Kwa maoni yangu maswali hayo yamepangwa kinyume. Uzito hujengwa ndani ya heya, yaani nyumba ambamo wachezaji hulala, hula na kufanya mazoezi pamoja chini ya mkuu wao anayeitwa oyakata, ilhali uso na nywele ni vitu ambavyo mgeni hutakiwa kuvikabidhi tangu siku ya kupokewa, na tangu hapo hana tena hiari juu yavyo. Akilikubali jambo hili angali kwao, mbele ya wazazi wake, atalibeba kwa wepesi. Akilikuta huko huko, lugha haijui na marafiki hana, litamwelemea.

La kwanza la kuzingatia ni kwamba ndevu haziruhusiwi, na kwamba siku hizi hilo si suala la desturi peke yake. Kwa miaka mingi uso ulionyolewa ulikuwa mazoea yaliyosimamiwa na kila oyakata kwa namna yake, na mazoea hayo yaliacha nafasi moja: mchezaji aliyekuwa akishinda mfululizo aliweza kuacha kunyoa katikati ya mashindano, kwa imani kwamba wembe ungeiondoa bahati yake. Mashindano makuu huchukua siku 15, kwa hiyo aliyeanza vizuri angeweza kuingia wiki ya pili na kidevu cheusi, na watazamaji walielewa bila kuelezwa. Nafasi hiyo iliondolewa Novemba 2019, Chama cha Sumo cha Japani kilipopiga marufuku ndevu rasmi. Picha na video za zamani, basi, zisimpotoshe mtu. Takamiyama, mzaliwa wa Hawaii ambaye mwaka 1972 alikuwa mgeni wa kwanza kutwaa ubingwa wa daraja la juu, alipendwa pamoja na mengine kwa sharafa zake nene zilizoshuka mashavuni, lakini anayetaka kufuga za namna ile leo hawezi kumtaja Takamiyama kama kibali chake.

Mimi siioni amri hii kuwa ya uonevu. Wachezaji wa sumo hugongana kichwa kwa kichwa na kifua kwa kifua, na pambano likichelewa kuamuliwa, mmoja huweza kukaa amezamisha paji la uso chini ya kidevu cha mwenzake huku wote wawili wakivuta pumzi na kusubiri. Ndevu za siku tatu katika hali hiyo hukwaruza shingo na bega la mpinzani kama msasa. Kucha ndefu ni mbaya zaidi, kwa sababu mikono ndiyo inayotafuta mshiko kwenye mawashi, mkanda mnene unaofungwa kiunoni, na katika kuutafuta hupita juu ya ngozi tupu. Kwa hiyo kucha zikatwe fupi na kingo zake zilainishwe. Chale za rangi, yaani tatuu, haziruhusiwi kabisa, na aliyekwisha kuchora mwili alitangulize jambo hilo katika barua yake ya kwanza badala ya kusubiri livumbuliwe bafuni. Nywele za mwilini hazimo katika makatazo. Takayasu, aliyefikia ozeki, cheo cha pili kutoka juu, mwaka 2017, anajulikana kwa kifua na mgongo wenye nywele tele, na hakuna anayemtaka azinyoe.

Kwa Mwislamu anayefuga ndevu kwa kufuata Sunna, hapa ndipo penye mtihani, na nisingependa mtu aupite kwa haraka. Tunaye mtangulizi kutoka bara letu. Abdelrahman Shaalan wa Misri, aliyepigana kwa jina la Osunaarashi, alianza mwaka 2012, akawa mchezaji wa kwanza wa kulipwa kutoka Afrika, akafika daraja la juu Novemba 2013, na Julai 2014 akawaangusha mayokozuna wawili, yaani mabingwa wa cheo cha juu kabisa, katika mashindano yale yale. Julai 2013, Ramadhani ilipoangukia siku za mashindano ya Nagoya, alipigana akiwa amefunga. Kwa hiyo saumu iliwezekana. Lakini ndevu ni jambo jingine, kwa kuwa hazifichiki na amri ya 2019 haina mlango wa nyuma. Kuna pia suala la sitara, maana mawashi huacha mapaja wazi, na suala la ulingo wenyewe, dohyo, ambao una mizizi katika ibada ya Shinto, dini ya jadi ya Japani, na huandamana na kurusha chumvi na taratibu nyingine za utakaso. Anayejali dini yake ayapeleke mambo haya matatu kwa mwanachuoni anayemwamini kabla hajajaza fomu yoyote, na ajibiwe kwa utulivu. Kusema ndiyo mbele ya oyakata kisha kuanza kubishana mwezi wa tatu ni kujidhulumu na kumdhulumu mwenyeji.

Aliyeridhika kunyoa anapaswa sasa kujifunza kunyoa, na hili lina uzito wa pekee kwa mwenye nywele za kipilipili. Unywele uliojisokota, ukikatwa chini kabisa ya ngozi, hujikunja wakati wa kuota na kuingia tena ndani, na mwili huupokea kama mwiba: panatokea vipele vigumu chini ya taya na shingoni, vinavyowasha, vinavyotunga usaha na kuacha madoa. Kwa mtu wa ofisini huo ni usumbufu. Kwa anayesuguliwa shingo kila asubuhi kwenye udongo na jasho la wenzake, huo ni mlango wa maambukizi. Anza miezi kadhaa kabla ya safari. Lowesha uso kwa maji ya moto kiasi, paka sabuni ya kunyolea na iache ilainishe ndevu, kisha nyoa kwa kufuata upande zinakoota, bila kuvuta ngozi na bila kurudia rudia mahali pamoja. Wengi huona nafuu kubwa wakiacha wembe na kutumia mashine inayobakiza kivuli kidogo cha nywele juu ya ngozi. Kama kivuli hicho kinakubalika, muulize oyakata, usiamue mwenyewe. Soma pia maandishi yaliyo kwenye chaja. Umeme wa Japani ni wa volti 100 na plagi zake ni za vijiti viwili bapa, kwa hiyo mashine iliyotengenezwa kwa umeme wa Nairobi au Dar es Salaam peke yake haitafanya kazi huko ipasavyo, ila ile iliyoandikwa volti 100 hadi 240.

Wembe usiazimwe wala usiazimishwe. Mieleka ya aina zote husambaza vidonda vya malengelenge vinavyoletwa na virusi vya herpes, na heya ni nyumba ya watu wanaolala chumba kimoja na kuoga bafu moja. Kidonda kikitokea mdomoni au shavuni, kinaonyeshwa siku ile ile. Si cha kufichwa kwa kuogopa kukosa mazoezi.

Sasa nywele za kichwani, ambako amri inageuka upande wa pili: ndevu zisiwepo, nywele ziwepo na ziwe ndefu. Mwaka 1871 serikali ya Meiji ilipotoa agizo la kuwahimiza wanaume wa Japani waache mashungi ya kale, yaani nywele ndefu zilizofungwa juu ya utosi, wachezaji wa sumo waliruhusiwa kubaki nayo, na wamebaki nayo hadi leo. Anayeingia na kichwa kilichonyolewa hatafungwa shungi kwa miezi mingi, na wapo waliopanda vyeo kwa kasi kuliko nywele zao. Endo alifika daraja la juu Septemba 2013 na nywele fupi zisizofungika. Takerufuji alitwaa ubingwa wa daraja hilo Machi 2024 katika mashindano yake ya kwanza humo, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka 110, na nywele zake zilikuwa bado hazijatosha kwa shungi la heshima linalovaliwa na wakubwa. Ushauri wangu ni kuacha nywele zikue mapema, bila rangi, na kufumua rasta au misokoto kabla ya kuondoka.

Nywele za mchezaji hazitengenezwi na mwenyewe. Kazi hiyo ni ya tokoyama, msusi aliyeajiriwa na Chama, ambaye hupanda madaraja yake mwenyewe kwa miaka mingi na ambaye jina lake la kazi huanza kwa Toko. Yafaa kujua anachofanya, kwa kuwa utakaa mbele yake mara nyingi sana. Baada ya mazoezi na kuoga, mchezaji huketi sakafuni, tokoyama akiwa nyuma yake. Kwanza huzilowesha nywele na kuzikanda kwa vidole ili mikunjo iachie. Kisha huchukua bonge la bintsuke, mafuta magumu ya nta yenye harufu tamu, akalilainisha viganjani na kulipaka toka mashinani hadi nchani. Hufuata vitana vya mti wa tsuge, kimoja cha meno mapana, kingine cha meno yaliyobanana kiasi cha kutoa uchafu wa mwisho, na mvuto wake si wa mzaha. Nywele zote hukusanywa nyuma, hufungwa kwa uzi unaokazwa kwa meno na mkono, kisha mkia hukunjwa mbele juu ya utosi. Mwenye nywele nzito mno hupunguzwa au kunyolewa utosini, mahali pasipoonekana, ili shungi lilale vizuri. Mwenye nywele za kipilipili atarajie kukandwa na kuvutwa zaidi ya wenzake. Osunaarashi, Mwafrika mwenye nywele za mawimbi, alifungwa shungi kama wengine, kwa hiyo linawezekana; subira ndiyo inayotakiwa. Wakubwa husukwa kwanza, na mdogo husubiri zamu yake.

Shungi linatambulisha cheo. Wale wa madaraja mawili ya juu, juryo na makuuchi, hufungwa katika mashindano shungi lililotanuliwa mbele kama jani la mti wa ginkgo, na wa chini hubaki na shungi la kawaida. Mavazi hufuata mpango huo huo: wa madaraja mawili ya mwisho hutembea na yukata, joho jepesi la pamba, na viatu vya mbao hata wakati wa baridi, jambo ambalo mtu wa Mombasa au Zanzibar anapaswa kulipa uzito wake kabla ya Januari ya Tokyo kumfikia.

Shungi pia lina sheria ulingoni. Kulivuta ni kosa la kupoteza pambano, awe nani aliyelivuta: Julai 2003 yokozuna Asashoryu aliondolewa ushindi kwa kushika nywele za Kyokushuzan, wa kwanza wa cheo chake kupatwa na hilo. Anayetoka katika mieleka ya aina nyingine aufundishe mkono wake mapema usipande kisogoni kwa mazoea.

Shungi hukatwa siku ya kustaafu. Aliyedumu vya kutosha katika madaraja ya juu hufanyiwa sherehe katika ukumbi wa Kokugikan, Tokyo, ambamo wageni hupanda mmoja mmoja na mkasi wa rangi ya dhahabu kukata nywele chache, na oyakata hukata ya mwisho. Wanawake hawapandi dohyo, hata mama mzazi. Familia ijulishwe hilo tangu mwanzo, kwa sababu mama aliyemlea kijana na kumsindikiza hadi uwanja wa ndege ana haki ya kujua kwamba siku ile atakaa chini.

Kabla ya kuondoka yapo ya kuuliza kwa oyakata kwa maandishi: kiwango cha kunyoa kinachotakiwa siku za mazoezi na siku za mashindano, kama mashine ya umeme inaruhusiwa, dawa gani za ngozi zinapatikana, na nywele ziwe za urefu gani wakati wa kufika. Nafasi za wageni ni finyu, kwa kuwa kila heya huruhusiwa mgeni mmoja tu, na umri wa kuingia kwa kawaida huwa chini ya miaka 23. Asiyeweza kunyoa kwa sababu ya dini au ya ngozi anayo sumo ya ridhaa chini ya Shirikisho la Kimataifa la Sumo, ambako shungi halihitajiki na wanawake pia hushindana. Huko nako kucha fupi na ngozi safi ni lazima, na kuhusu ndevu waandaaji wa kila mashindano waulizwe kabla ya kukata tiketi.