Mheshimiwa akiongea sayansi, mbane hivi

Kampeni zikifika Kirumba, hapa Mwanza kando ya ziwa, utasikia mtu kashika maiki anasema kichocho kinatokana na kunywa maji ya ziwa, chemsheni tu basi, watu makofi. Usizomee, atasema wewe wa chama kingine na mjadala umeisha. Muulize taratibu, mheshimiwa, hicho kimelea kinaingiaje mwilini? Maana kinapenya kwenye ngozi ukiwa umesimama majini unaoga, unafua au unavuta nyavu, na kabla ya hapo kimekulia ndani ya konokono, sasa kuchemsha maji ya kunywa kunamsaidia nini mvuvi? Akibabaika usimcheke, mpe pa kutokea, uliza kuhusu vyoo (mayai yanarudi ziwani na kinyesi) na dawa ya prazikwanteli, hivyo vinahitaji bajeti na bajeti ndo kazi yake.

Wachambuzi wa redioni ndo wagumu, wao ni "wataalamu wamesema". Wepi? Mwanza hapahapa kuna NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wanaotafiti kichocho, muulize kama amewahi hata kuwapigia simu. Afu rekodi, maana mwezi ujao atakataa.