Jinsi ya Kujadili Bei ya Nyumba Malindi Baada ya Ukaguzi Kugundua Asbestosi

Kazi yangu ni kuwasimamia wanunuzi wa nyumba mjini Malindi, tangu siku ya kwanza ya kutazama jengo hadi siku ya kukabidhiwa funguo. Ripoti ya ukaguzi ikitaja asbestosi, yaani madini ya nyuzi yaliyochanganywa zamani na saruji kutengeneza mabati ya paa, wanunuzi wengine hujitoa siku hiyo hiyo, na wengine hupokea punguzo dogo kwa furaha, kisha wakagundua kwamba kuliondoa paa kunagharimu mara kadhaa ya kile walichopunguziwa. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye bado anaitaka nyumba, lakini kwa bei ya haki na bila kuyaweka rehani mapafu ya watu wake.

Hatua ya kwanza: thibitisha kabla ya kutaja bei

Kenya ilipiga marufuku asbestosi mwaka 2006, lakini nyumba zilizojengwa kabla ya hapo bado zina mabati yake ya kijivu yenye mawimbi. Tatizo ni kwamba mabati ya saruji yaliyotengenezwa baadaye kwa nyuzi nyingine yanafanana nayo kabisa, kwa hiyo jicho haliwezi kuamua. Mkaguzi alilowanishe bati kwa maji, achukue kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba, akitie katika mifuko miwili na kukipeleka maabara kikatazamwe kwa darubini. Usimruhusu dalali avunje kona ya bati ili "tuone ndani." Gharama ya kipimo ilipe wewe mwenyewe, ili majibu yawe yako na uyatumie utakavyo.

Hatua ya pili: jua imeenea wapi na iko katika hali gani

Bati la saruji kwa kawaida huwa na asbestosi kiasi cha asilimia 10 hadi 15, na likiwa zima, halikatwi wala kutobolewa, hatari yake ni ndogo. Madhara huja pale nyuzi zinapoachana na saruji na kuvutwa kwa pumzi, kwani husababisha saratani na kovu la mapafu, maradhi ambayo aghalabu hujitokeza baada ya miongo kadhaa. Ndiyo maana hali ya paa ina uzito sawa na kuwepo kwa asbestosi yenyewe.

Katika nyumba moja iliyo karibu na bahari nilipanda ngazi baada ya mvua za masika. Kingo za mabati zilikuwa zimeliwa hadi nyuzi zimesimama kama ncha za mkeka uliochakaa. Ndani ya mfereji wa paa kulikuwa na tope la kijivu, na mfereji huo ulimimina maji moja kwa moja katika tangi la maji ya mvua. Nyuma ya jiko, vipande vya mabati yaleyale vilikuwa vimeezekea banda la kuku. Ripoti aliyokuwa nayo mnunuzi ilitaja paa peke yake. Zunguka kiwanja chote, kwa sababu tope, tangi na banda navyo vina gharama yake, na usipovitaja mapema vitabaki juu yako.

Hatua ya tatu: pata makisio ya maandishi

Kwa sheria ya Kenya, asbestosi ni taka hatari, na anayeisafirisha lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMA. Omba makisio kutoka kwa wakandarasi wawili, na kila kisio lionyeshe kwa utengano kazi ya kulowanisha na kufungua mabati bila kuyavunja, barakoa maalumu za wafanyakazi (kitambaa cha kujifunga puani hakitoshi), kufungia mabati kwa nailoni nene tabaka mbili, usafiri, na kuzika mahali palipoidhinishwa. Paa jipya liandikwe peke yake.

Tuchukulie nyumba inauzwa shilingi 8,500,000. Kuondoa mabati ni 350,000, kusafisha tangi na udongo ulio chini ya michirizi ni 60,000, na paa jipya ni 700,000. Ukidai 1,110,000 yote, muuzaji atakujibu, na kwa haki, kwamba paa la zamani lingebadilishwa siku moja hata bila asbestosi, na kwamba wewe utabaki na jipya. Mimi hudai gharama yote ya kuondoa na kusafisha, yaani 410,000, pamoja na nusu ya paa jipya, 350,000. Jumla ni 760,000, na kila shilingi ina maelezo yake.

Hatua ya nne: chagua ni nani atakayeifanya kazi

Hapa ndipo ninapowasihi wanunuzi wasikilize. Muuzaji akisema ataliondoa paa yeye mwenyewe kabla ya kukabidhi, usikubali kwa wepesi. Mnunuzi mmoja niliyemsimamia alikubali, nami sikumzuia kwa nguvu niliyopaswa. Muuzaji aliajiri vibarua waliovunja mabati kwa nyundo siku mbili za kaskazi kali, vumbi likavuka ua hadi kwa majirani waliokuwa wameanika nguo, na vipande vikafukiwa nyuma ya jiko. Tulivikuta tulipochimba msingi wa choo. Kazi iliyokuwa juu ya paa sasa ilikuwa ndani ya ardhi, ghali zaidi, na muuzaji alikwisha kulipwa.

Tangu hapo napendekeza bei ipunguzwe na mnunuzi asimamie uondoaji. Muuzaji akikataa katakata, basi sehemu ya fedha ishikwe na wakili hadi ithibitishwe kwa maandishi kwamba mabati yamezikwa panapotakiwa.

Hatua ya tano: kaeni mzungumze

Nenda na karatasi zako, lakini usianze nazo. Baada ya kujuliana hali, maneno kama haya hutosha: "Mzee wangu, nyumba bado naitaka. Haya ni majibu ya maabara, na haya ni makisio ya mafundi wawili. Naomba tuyatazame pamoja." Usimtishe kwa NEMA wala kumwambia nyumba yake ni sumu, kwani huenda amelea watoto chini ya paa hilo na maneno hayo yatamchoma.

Ikiwa nyumba ni ya mirathi, punguzo ulilokubaliana na ndugu mmoja halina nguvu mpaka warithi wote waridhie. Na ikiwa ni nyumba bila ardhi, kama ilivyo desturi hapa Pwani, mwenye kiwanja naye apewe habari ya kazi hiyo mapema.

Hatua ya sita: tia kila kitu katika mkataba

Sheria ya mikataba ya Kenya inataka mauziano ya ardhi yawe ya maandishi, yametiwa sahihi na kushuhudiwa, kwa hiyo ahadi ya barazani kuhusu paa haitakusaidia mahakamani. Usitoe arbuni, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10, kabla vifungu vya asbestosi havijaandikwa. Bei mpya ndiyo iandikwe, wala usikubali kurudishiwa tofauti pembeni. Ikiwa unanunua kwa mkopo, ipe benki ripoti mwenyewe, kwa maana mthamini wake ataliona paa.

Hatua ya saba: siku ya kukabidhiwa

Ikiwa fedha zimeshikwa, rudi na mkaguzi yuleyule. Atazame mifereji, tangi, udongo wa chini ya michirizi na mahali lilipokuwa banda la kuku, kisha alinganishe idadi ya mabati yaliyohesabiwa katika ripoti ya kwanza na ile iliyomo katika hati ya msafirishaji. Hesabu zikilingana, mwambie wakili aziachilie fedha.