Wenye smatiwochi na sonona, fanyeni hivi

Jamani wenye hizi smatiwochi, iwe ulinunua hapo mjini Moshi au uliletewa zawadi, kama una sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, depression) au umewahi kuwa nayo ujue ile saa haijui kama una huzuni, yenyewe inasoma usingizi, hatua na mapigo ya moyo basi, hisia lazima uandike mwenyewe. Kila usiku kabla hujalala jipe alama 0 (vibaya kabisa) mpaka 10 (vizuri kabisa) ya hisia zako zilivyoshinda siku hiyo, halafu neno moja la kichwa kilivyo: kimetulia, kizito, nasahausahau. Andika kwenye simu pamoja na masaa uliyolala.

Siku moja mbaya isikutishe, labda ulikesha msibani tu. Angalia wiki 2, ndo kipindi hata madaktari wanachoulizia. Ukiona unashtuka saa 10 alfajiri kila siku, hatua zimepungua na alama nazo zinashuka, usisubiri, nenda na hiyo simu hospitali, kama KCMC ya Moshi au Mount Meru ya Arusha, ukamwonyeshe daktari. Dawa usiache eti kwa sababu saa imesema umelala vizuri, tafadhali sana. Na mawazo ya kujidhuru yakija achana na mambo ya saa, mwambie mtu wa karibu muda huohuo akupeleke hospitali.