Namna ya Kuandika Kanuni za Ufadhili kwa Wapenzi wa Akiolojia Wanaokwenda Mafunzo ya Uwandani

Kikundi kinachotaka kumlipia mpenzi wa akiolojia gharama za mafunzo ya uwandani kiandike kanuni zake kabla ya kuchangisha fedha, kwa sababu hata fedha kidogo ikitolewa bila kanuni huzua manung'uniko yanayoweza kukivunja kikundi chenyewe. Mwongozo huu unavilenga vikundi vya Tanzania na Kenya, hasa vile vilivyo jirani na magofu ya pwani kama Kilwa Kisiwani, Songo Mnara, Kaole na Gedi. Huko wapo walinzi wa magofu, waongoza watalii, walimu wa historia na wavuvi wanaoviona vigae vya kale, yaani vipande vya vyungu, kila siku, lakini ambao ni nadra kupata nafasi ya kufundishwa namna ya kuvisoma.

Kanuni ya kwanza iseme nani anastahili, na iseme bila kuacha mwanya. Maneno haya yanaweza kutumika: "Mwombaji ni mtu mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, asiye na shahada ya akiolojia, asiyesomea shahada hiyo, na asiyelipwa mshahara kwa kazi ya utafiti wa malikale." Mlinzi wa magofu hulipwa, ila hulipwa kwa kulinda, kwa hiyo atajwe wazi kuwa anaruhusiwa kuomba, la sivyo mjumbe mmoja wa kamati atamkata jina kwa kisingizio cha ajira. Wanafunzi wa vyuo vikuu wana milango mingine, na kuwaruhusu katika mfuko huu ni kuwaondoa wale ambao mfuko uliundwa kwa ajili yao.

Msiweke sharti la cheti cha shule. Kamoya Kimeu, Mkenya ambaye hakupita chuo kikuu, ndiye aliyeokota taya la kale huko Peninj karibu na Ziwa Natron mwaka 1964, na ndiye aliyeona mwaka 1984 kule Nariokotome kipande cha kwanza cha mifupa ya kijana wa Turkana, aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Kanuni inayodai cheti cha kidato cha sita ingemfungia mlango mtu mwenye jicho kama lake. Badala ya cheti, kamati idai mambo mawili tu: maelezo ya mwombaji kuhusu eneo analolifahamu, yawe ya maandishi yasiyozidi ukurasa mmoja au ya mdomo mbele ya kamati, na neno la mtu anayemjua na aliyeiona ari yake. Maelezo yapokewe kwa Kiswahili. Mzee anayeweza kueleza ni upande gani wa kijiji mvua hufichua kuta za mawe, na tangu lini, ametoa ushahidi wa kutosha.

Hapo kuna mtego unaostahili kuangaliwa kwa makini. Waombaji wengine, kwa nia njema kabisa, watakuja na mfuko wa sarafu, shanga na vipande vya kauri kuthibitisha mapenzi yao. Kamati ikimpa alama mwombaji kwa sababu ya mkusanyiko huo, itakuwa imewafundisha wenzake kwamba njia ya kupata ufadhili ni kuokota, na baada ya misimu michache magofu yatakuwa yameporwa na watu walewale tuliotaka wayalinde. Kanuni iandikwe hivi: "Vitu vya kale havitapokelewa wala kuhesabiwa kama ushahidi wa ombi." Lakini mwombaji asitishwe wala asifukuzwe. Aelekezwe namna ya kuvifikisha kwa mamlaka husika na aulizwe kwa upole alivipata wapi, maana kitu kikishang'olewa mahali pake, kumbukumbu ya pale kilipokuwa ndiyo sehemu kubwa ya thamani iliyobaki.

Kanuni inayofuata inahusu mafunzo yenyewe, na hii ndiyo inayokilinda kikundi kisheria. Ufadhili utolewe tu kwa mafunzo yanayoendeshwa chini ya kibali halali cha uchimbaji. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inamzuia mtu yeyote kuchimba malikale bila leseni, na inavihesabu vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 kuwa mabaki yanayolindwa. Zanzibar ina sheria na mamlaka yake, hivyo kibali cha Bara hakitoshi Unguja Ukuu. Kenya hufuata Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, ambayo inamtaka anayegundua kitu cha kale atoe taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7. Kamati idai nakala ya kibali kutoka kwa kiongozi wa mradi kabla ya kulipa chochote. Kiongozi mwenye kibali hawezi kuchukizwa na ombi hilo.

Kibali pekee hakitoshi, kwa kuwa zipo kambi ambazo mshiriki hubebeshwa ndoo za udongo kuanzia asubuhi hadi jioni na kurudi nyumbani bila kujifunza lolote. Kamati iulize ratiba. Mafunzo ya kweli humweka mshiriki shimoni na mwiko wa mwashi mkononi, akikwangua tabaka moja baada ya jingine na kuandika rangi na ugumu wa udongo pale unapobadilika. Humpeleka kwenye chekecheke, ambako shanga ndogo hubaki juu ya wavu. Kisha humketisha kivulini na mswaki na beseni la maji kuosha vigae, kuvianika, na kuvitia kwenye mfuko wenye jina la eneo, namba ya shimo, tabaka na tarehe. Anayeyapitia haya yote ataelewa kwa mikono yake kwa nini mfuko usio na lebo ni hasara isiyorekebishika.

Kuhusu muda, msiige kanuni za wanafunzi. Ufadhili wa Archaeological Institute of America, taasisi ya akiolojia ya Marekani, wenye jina la Jane C. Waldbaum, kwa mfano, unawalenga wanafunzi wanaokwenda uwandani kwa mara ya kwanza na hudai kukaa mwezi mmoja au zaidi. Sharti la mara ya kwanza ni zuri na linafaa kuchukuliwa. La mwezi mzima litamwondoa mvuvi, mama mwenye duka na mwalimu mwenye vipindi. Texas Archeological Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1928 ambacho wanachama wake wengi si wataalamu, kimeendesha kambi za mafunzo tangu mwaka 1962 kwa takriban wiki moja kila kiangazi, na nadhani kipimo hicho kinawafaa zaidi watu wenye majukumu.

Fedha zigawanywe kwa uwazi. Ada ilipwe moja kwa moja kwa mradi, na nauli, chakula na malazi vitolewe mkononi kabla ya safari, kwani kumwambia mtu wa kipato cha chini atumie kwanza kisha adai kwa risiti ni sawa na kumnyima. Ongezeni fungu dogo la kufidia kipato cha siku atakazokuwa kambini, na kwa mzazi anayenyonyesha, gharama za mlezi. Mjumbe wa kamati mwenye undugu na mwombaji atoke nje wakati jina hilo linajadiliwa, na kumbukumbu za kikao zionyeshe kwamba alitoka.

Masharti ya baada ya mafunzo yawe machache lakini yasiyo na mzaha. Mfadhiliwa atoe maelezo ya aliyojifunza mbele ya wanakijiji au shuleni ndani ya siku 60. Asichapishe mitandaoni ramani au picha zinazoonyesha mahali penye malikale yasiyolindwa, kwa kuwa wezi nao husoma. Asirudi na kigae hata kimoja. La muhimu kuliko yote, atie saini kwamba hatachimba peke yake wala kuongoza wengine kuchimba bila kibali, kwa sababu mtu aliyekaa kambini wiki moja anajua kufungua shimo lakini hajajua kulifunga kitaalamu, na tabaka likishavurugwa halirudi. Atakayevunja sharti hili arejeshe fedha zote na taarifa ipelekwe kwa mamlaka ya malikale. Atakayeshindwa kumaliza mafunzo kwa ugonjwa au msiba asidaiwe chochote, na aruhusiwe kuomba tena msimu unaofuata kama mtu anayekwenda kwa mara ya kwanza.