Kuulizia kazi za nyuma za fundi kabla ya kumkabidhi ujenzi wa nyumba Mtwara na Lindi

Katika mikoa ya Mtwara na Lindi, familia nyingi huanza kujenga fedha za korosho zinapoingia, kuanzia mwezi Oktoba minada inapofunguliwa, na kwa kuwa mvua nazo kwa kawaida huanza Desemba, mwenye kiwanja hujikuta ana muda mfupi wa kununua vifaa, kuchimba msingi na kupata fundi. Katika haraka hiyo, jambo linaloachwa mara nyingi ni kuulizia kazi ambazo fundi huyo alikwisha kuzifanya. Kwa maoni yangu kuulizia huko kufanywe miezi kadhaa kabla ya fedha kupatikana, hasa Aprili na Mei mvua zinapoelekea kuisha, kwa sababu wakati huo paa linalovuja na ukuta unaopanda unyevu huonekana wazi, tofauti na kiangazi ambapo rangi mpya huweza kuficha mengi.

Mwombe fundi akutajie nyumba tatu au nne alizozijenga tangu msingi hadi kupaua, na angalau mbili kati yake ziwe zimekwisha kupitiwa na misimu miwili ya mvua. Picha za kwenye simu zisichukuliwe kuwa ushahidi, kwa kuwa hazionyeshi nani alijenga wala nyumba ikoje leo. Fika mahali penyewe. Tazama pembe za milango na madirisha, kwani ufa mpana unaokwenda mshazari kutoka kwenye pembe hizo mara nyingi huashiria msingi uliotitia, ilhali nyufa nyembamba kama unywele juu ya plasta huwa ni za kukauka tu. Kwa nyumba zilizo karibu na bahari, kama zile za Mikindani, Shangani au Lindi mjini, chunguza sehemu ya chini ya ukuta uone kama plasta inamung'unyuka na kutoa chumvi, na uangalie nguzo na linta, yaani boriti za zege zilizo juu ya milango na madirisha, kama zina mistari ya kutu. Nondo iliyofunikwa kwa zege jembamba, au kwa zege lililochanganywa na mchanga wa ufukweni ambao haukuoshwa, hushika kutu, na kutu hiyo huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Fundi aliyezoea kujenga pwani huyajua haya bila kufundishwa, na ni halali kumuuliza anayakabili vipi.

Baada ya kuiona nyumba, zungumza na mwenye nyumba wakati fundi hayupo, maana ni vigumu kwa mtu muungwana kumsema mwenzake mbele ya uso wake. Usiishie kuuliza kama fundi ni mzuri, kwa kuwa jibu litakuwa ndiyo. Muulize kama kazi ilikamilika kwa bei waliyopatana au iliongezwa njiani, kama fundi aliwahi kupokea malipo ya awali kisha akahamia kwenye kiwanja cha mtu mwingine, kama sementi iliyonunuliwa ililingana na makadirio, na kama ulipotokea ufa au bati likavuja fundi alirudi kurekebisha. Swali hili la mwisho ndilo ninalolithamini kuliko yote, kwa sababu hakuna nyumba isiyo na kasoro, lakini wapo mafundi wanaorudi na wapo wasiopokea tena simu.

Wasaidizi wa fundi nao wanajua mengi. Saidia fundi aliyekuwa akichanganya zege anajua mfuko mmoja wa sementi ulitoa tofali ngapi, na anajua kama tofali na zege vilimwagiliwa maji siku saba au zaidi kama inavyotakiwa, au viliachwa vikauke juani. Huko Newala na Tandahimba, ambako maji ni ya shida na mara nyingi hununuliwa, hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo uliza kwa makini. Uliza pia kama wasaidizi walilipwa ujira wao, kwa sababu fundi anayewadhulumu vibarua huishia kuachiwa kazi katikati, na hasara inakuwa ya mwenye nyumba.

Ikiwa unayemtafuta ni kampuni na si fundi wa mtaani, omba namba ya usajili na uihakiki kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ambayo iko chini ya sheria ya mwaka 1997 na huwapanga makandarasi wa majengo katika madaraja saba. Fundi wa mtaani anaweza kuwa na cheti cha VETA, na hilo ni jema, ila cheti kinathibitisha kwamba alijifunza na hakithibitishi alivyotendea fedha za watu.

Wanaojenga wakiwa Dar es Salaam au nje ya nchi wana ugumu zaidi. Wamtume ndugu anayeelewa ujenzi walau kidogo, ambaye hakuletwa na fundi wala hana maslahi katika duka la vifaa litakalotumika, na ndugu huyo atembelee pia nyumba moja ambayo fundi hakuitaja. Mafundi wengine wa mtaa huo, au mwenyekiti wa mtaa, wataweza kumwonyesha.

Ukikuta kasoro, usimkatae fundi hapo hapo. Mweleze ulichokiona na usikilize anavyojieleza, kwani huenda mwenye nyumba ndiye aliyepunguza nondo ili kubana gharama. Ukiwa bado una shaka, mpe kwanza kazi ndogo, kama shimo la choo au sehemu ya uzio, kwa mapatano ya maandishi na malipo ya hatua kwa hatua, kabla hujazungumza naye habari ya msingi wa nyumba.