Jinsi ya kurudia tamthilia za mapenzi za Kikorea na kuzifaidi kila mara

Mara ya kwanza, tamthilia ya mapenzi ya Kikorea hutazamwa kwa ajili ya swali moja: je, hawa wawili watapatana? Swali likishajibiwa, nyingi hazina kingine cha kumpa mtazamaji. Zinazostahili kurudiwa ni zile zilizoficha jambo tangu sehemu ya kwanza, jambo lisiloonekana mpaka mwisho ujulikane. Mwongozo huu ni wa watu waliokwisha kuzimaliza, na siri kadhaa zinatajwa waziwazi. Kama bado hujaitazama mojawapo, iruke aya yake.

Pima kabla ya kuanza

Fungua sehemu ya 1 ya tamthilia uliyoimaliza zamani, utazame dakika 20 tu. Ukikuta kauli, jicho au kitu kidogo mkononi mwa mhusika ambacho sasa kina maana usiyoiona mwanzo, endelea nayo. Ukijikuta unasubiri tu lile busu la sehemu ya 8, tafuta kipande hicho, kitazame, kisha ufunge. Hakuna haja ya kutumia saa 18 kwa ajili ya dakika 3.

Kipimo cha pili ni watu wa pembeni. Waondoe wapenzi wawili kichwani, uulize kama bado ungependa kukaa na majirani, wazazi na wafanyakazi wenzao. Cha tatu ndicho kikali kuliko vyote: tafuta tukio ambalo wapenzi wanaongea tu, hakuna ajali, hakuna mvua, hakuna mama tajiri anayemwaga maji usoni. Mazungumzo hayo yakikushika, tamthilia hiyo ina uhai wa miaka mingi.

Zinazofaulu, na nini cha kutafuta ndani yake

Anza na Goblin, iliyorushwa na kituo cha televisheni cha tvN kuanzia Desemba 2016 hadi Januari 2017, sehemu 16, kazi ya mwandishi Kim Eun-sook. Kwenye baadhi ya majukwaa utaikuta kwa jina la Guardian: The Lonely and Great God, kwa hiyo tafuta kwa majina yote mawili. Mara ya kwanza kila mtu huwafuata wapenzi wakuu, Gong Yoo na Kim Go-eun. Mara ya pili wafuate Mchukua Roho na Sunny. Rudi pale wanapokutana kwenye daraja la waenda kwa miguu, mbele ya bibi anayeuza vitu vidogo vidogo. Wote wawili wananyoosha mkono kuifikia pete ileile, na mwanamume machozi yanamtoka bila yeye mwenyewe kujua sababu. Ukitazama kwa mara ya kwanza unaona ucheshi wa kiumbe asiyezoea wanawake. Ukishajua kwamba katika maisha yaliyopita walikuwa mfalme na malkia wake, na kwamba bibi yule si muuzaji wa kawaida, dakika hizo mbili zinakuwa nzito kuliko sehemu nzima zinazofuata. Waigizaji Lee Dong-wook na Yoo In-na wameliigiza tukio hilo kwa wepesi kabisa, na wepesi huo ndio unaoumiza safari ya pili.

Crash Landing on You (tvN, Desemba 2019 hadi Februari 2020, sehemu 16) ina mtego ambao watazamaji wengi huuangukia: vipande vya nyongeza mwishoni mwa sehemu. Jukwaa likikuvusha lenyewe kwenda sehemu inayofuata pindi majina ya waigizaji yanapoanza, unavipoteza, na ndimo hadithi ya Uswisi inamofunguka. Kabla ya kuanza, ingia kwenye mipangilio ya akaunti yako uzime uchezaji wa moja kwa moja wa sehemu inayofuata. Kisha kaa mpaka skrini iwe nyeusi. Vipande hivyo vinaonyesha kwamba wapenzi wake, Yoon Se-ri wa Korea Kusini na Ri Jeong-hyeok wa Korea Kaskazini, walishapishana miaka kadhaa kabla ya ile ajali ya angani: kwenye daraja la Sigriswil, ambapo Jeong-hyeok alimwomba Se-ri, asiyemjua, ampige picha na mchumba wake, na kwenye gati la Iseltwald kando ya ziwa Brienz, ambapo Se-ri alisikia piano bila kumjua mpigaji. Safari ya pili, kila Se-ri anapoutaja ule wimbo unajua aliusikia wapi na ulimzuia kufanya nini.

Tamthilia hiyohiyo usiiharakishe inapokuwa kijijini Korea Kaskazini. Timu ya waandishi ilikuwa na mtu aliyetoroka Korea Kaskazini, na kazi yake inaonekana kwenye vitu vidogo: umeme unaokatika, pishi la kuhifadhia kimchi, treni inayosimama porini usiku kucha na watu kuwasha moto nje. Hadithi inapohamia Seoul katika nusu ya pili mvuto unapungua kidogo, ila askari wanne wa Jeong-hyeok wanaibeba. Tenga muda wa kutosha, kwa maana sehemu zake ni ndefu kuliko kawaida na ya mwisho inakaribia saa 2.

Reply 1988 (tvN, Novemba 2015 hadi Januari 2016, sehemu 20) ndiyo inayolipa kuliko zote, na ndiyo inayohitaji kurudiwa mara mbili. Fumbo lake ni nani aliyemuoa Duk-sun kati ya vijana wa uchochoro wa Ssangmun-dong. Marudio ya kwanza mfuate Taek, yule bingwa wa baduk, mchezo wa ubao, asiyesema sana. Acha kusoma maandishi ya chini kila Duk-sun anapoongea na wengine, umtazame Taek tu. Angalia pia jinsi anavyorudi nyuma baada ya kuiona picha ya Duk-sun ndani ya pochi ya rafiki yake. Marudio ya pili mfuate Jung-hwan: kamba za viatu anazozifunga taratibu mlangoni ili watoke pamoja, mikono anayoikaza kwenye basi lililojaa ili Duk-sun asisukumwe. Wengi walikasirika mwisho wake ulipotoka wakidhani waandishi walibadili mawazo njiani. Ukiitazama upya kwa utaratibu huu, utaona dalili za Taek zilikuwapo mapema. Kamera ilikuwa imekaa upande wa Jung-hwan, basi.

Ukitaka chepesi, What's Wrong with Secretary Kim (tvN, 2018, sehemu 16) na Business Proposal (SBS, 2022, sehemu 12) hazitegemei siri kubwa. Nguvu yake ni mwendo wa mazungumzo, nazo hufaa kurudiwa vipandevipande. Coffee Prince (MBC, 2007, sehemu 17) irudie nzima: picha zake zimezeeka, lakini mateso ya Han-gyul anayeamini amempenda mwanamume mwenzake yameandikwa kwa uaminifu ambao tamthilia nyingi za baadaye hazikuufikia.

Winter Sonata ya KBS2, 2002, sehemu 20, inataka subira. Ni ya polepole kwa makusudi. Tazama sehemu moja kwa siku, usizidishe, la sivyo machozi yake yote yatafanana.

Zinazovunjika ukizirudia

Boys Over Flowers (KBS2, 2009, sehemu 25) imewafikisha wengi kwenye tamthilia za Kikorea, na inastahili heshima hiyo. Hata hivyo, ukiirudia ukijua Gu Jun-pyo atageuka kuwa mpenzi, uonevu wa sehemu za mwanzo unakuwa mgumu kuvumilia, na kisa cha kupoteza kumbukumbu karibu na mwisho kinachosha. Chagua vipande unavyovipenda uache vingine.

Queen of Tears (tvN, 2024, sehemu 16) ni nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza, ndoa iliyopoa inayoanza kupata joto tena kwa aibu, ni kati ya kazi bora za aina yake. Robo ya mwisho inarundika majanga juu ya majanga. Rudia sehemu ya 1 hadi ya 8 bila woga, zinazobaki ukiwa na nafasi.

Ratiba inayofuata jinsi zilivyotengenezwa

Vituo vya Korea Kusini kwa kawaida hurusha sehemu 2 kwa wiki, siku mbili zinazofuatana. Mwandishi anajua kwamba mtazamaji wa sehemu yenye namba shufwa atasubiri siku 5, kwa hiyo hapo ndipo anapoacha mshtuko mkubwa. Kwa sababu hiyo tazama kwa jozi: ya 1 na ya 2, ya 3 na ya 4. Usianze kikao kwa sehemu ya namba shufwa, utaingia katikati ya pumzi. Kama unataka kulala kwa amani, tazama dakika 15 za mwanzo za sehemu inayofuata, mshtuko ukitulia uzime. Sehemu moja huwa na dakika 60 hadi 75, kwa hiyo jozi moja ni saa 2 hadi saa 2 na nusu, na tamthilia ya sehemu 16 inaisha kwa vikao 8.

Usiogope ukikuta idadi iliyozidi. Kuanzia mwaka 2017, vituo vya KBS, MBC na SBS vilianza kuikata sehemu moja vipande viwili vya dakika 35 hivi, kwa kuwa havikuruhusiwa kuweka tangazo katikati ya kipindi. Ruhusa ilikuja mwaka 2021. Ndiyo maana While You Were Sleeping ya SBS, 2017, inaandikwa sehemu 32 mahali fulani na 16 mahali pengine. Ni kitu kilekile. Kwenye orodha ya 32, kikao chako ni vipande 4.

Usibadilishe kasi ya kawaida. Wanaoongeza mwendo wa video hupoteza ukimya kabla ya jibu, na waongozaji wa Korea huweka mapenzi mengi kwenye ukimya huo.

Sauti ya Kikorea, siku zote

Iliyotiwa sauti ya lugha nyingine inatosha ukitaka kujua kisa. Kwa kurudia, weka sauti ya asili na maandishi chini, kwa sababu Kikorea kina daraja za heshima ambazo tafsiri haizibebi. Huhitaji kujua lugha: sikiliza mwisho wa sentensi. Ikiishia na "yo", msemaji anaweka heshima au umbali. Siku "yo" inapodondoka kati ya wapenzi, kitu kimebadilika, hata kama maandishi yanasema "umekula?" vilevile kama jana. Sikiliza na jinsi wanavyoitana. Katibu Kim amemhudumia bosi wake miaka 9 akimwita kwa cheo, na cheo hicho kinaendelea kumtoka mdomoni hata baada ya kuwa wapenzi. Kwenye Crash Landing on You, cha kusikiliza ni lafudhi: ya Kaskazini kwa Jeong-hyeok, ya Seoul kwa Se-ri.

Bonde la sehemu ya 13 na 14

Karibu kila tamthilia ya sehemu 16 hudhoofika hapa. Mapenzi yameshakubaliwa, ila zimebaki saa 3 au 4 za kujaza, ndipo mmoja anamwacha mwenzake "kwa faida yake" bila kumweleza. Zile za zamani ziliumia zaidi, maana zilirekodiwa huku zikirushwa, waigizaji wakikosa usingizi na maandishi ya mchezo yakifika dakika za mwisho. Descendants of the Sun (KBS2, 2016) ilirekodiwa yote kabla ya kurushwa, na picha zake zinaonyesha utulivu huo.

Unapofika bondeni, usiruke sehemu nzima. Tazama dakika 10 za mwanzo na 15 za mwisho, katikati ruka kwa sekunde 10 ukisimama tu wanapotokea watu wa pembeni, kwa kuwa mara nyingi hapo ndipo wanapopewa matukio yao bora. Sababu ya kutengana ikiwa imetokana na maisha ya wahusika wenyewe, kama umaskini na kazi zinavyowatafuna vijana wa Twenty-Five Twenty-One (tvN, 2022), usiruke chochote.

Baada ya kumaliza moja

Wengi humfuata mwigizaji. Mfuate mwandishi, utajua zaidi. Mchukue Park Ji-eun kwa mfululizo: My Love from the Star (SBS, 2013 hadi 2014, sehemu 21), kisha Crash Landing on You, kisha Queen of Tears. Zote zina mwanamke tajiri au maarufu, mwenye kiburi na mpweke, na mwanamume mtulivu aliyebeba siri. Zote zina vipande vya mwishoni visivyopaswa kurukwa. Tazama sehemu ya 1 ya kila moja, siku tatu mfululizo, ukizingatia jambo moja tu: mwanamke anaongea na nani anapokuwa peke yake nyumbani, na ni sehemu ya ngapi anapoacha kuwa peke yake.