Jinsi ya kulijua lori la zamani kabla halijapelekwa kwenye vyuma chakavu, kwa sisi wa Mtwara na Lindi

Wapenzi wa malori ya zamani wa Kusini najua mpo, maana kila nikisimama kupiga picha mkweche hapa Mtwara lazima atokee mtu nyuma yangu aanze kunieleza baba yake alikuwa anaendesha nini na alikuwa anabeba nini. Hii nimeandika kwa ajili ya yule anayeyapenda ila hajui aanzie wapi. Usianze na kununua, na rangi ndo kabisa usiiguse. Anza kulijua lori. Kuna nusu yake utaipata kwenye majarida ya malori ya nje na nusu utaipata kwa wazee waliokuwa wanaliendesha, hizo nusu mbili ukiziunganisha kwenye daftari moja hapo ndo unalo lori kamili, hata kama lenyewe halitawaka tena.

Alafu huku kwetu kuna sababu ya kuwahi. Waingereza walileta ule mpango wao wa kulima karanga kuanzia 1947, ndo ukatuletea bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea, 1951 wakaufuta, na reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baada ya hapo korosho, ufuta, mkonge, chumvi, abiria, jeneza, vyombo vya bi harusi, vyote vikapanda lori. Mpaka Daraja la Mkapa linafunguliwa 2003 tulikuwa tunavuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu na masika ikikolea njia inakatika, watu wanalala porini na gari zao. Malori yaliyofanya kazi hiyo sasa hivi yamekaa nyuma ya magereji na kwenye mashamba ya zamani ya mkonge, na wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita na mizani kila wiki.

Ukiliona lori, tafuta mwenyewe kwanza. Usiingie uani kwa mtu na simu mkononi, atajua we ni dalali wa skrepa na hapo hutapata hata neno moja. Salimia, kaa, mwambie ukweli kwamba unayapenda haya magari na unataka kupiga picha na kuandika historia yake basi. Mi kuna mzee wa upande wa Mingoyo alinizungusha mara tatu, ya nne nilivyoenda na picha niliyoiprinti ya lori kama lake akaniitia mjukuu wake aniletee kiti.

Sasa lisome. Wengi wanapiga picha moja ya mbele wanaondoka, hiyo haina msaada. Piga pande zote nne, alafu ingia ndani piga dashibodi, usukani, pedali, alafu shuka chini piga difu, springi, na kibati cha chesi, yaani kile chenye namba za gari. Kibati mara nyingi utakikuta kwenye mlango, ndani ya kebini au kwenye ukuta wa injini, kimejaa kutu au kimepakwa rangi mara tano. Usikikwangue na bisibisi. Loweka kitambaa na mafuta ya taa, kiweke juu dakika kumi, futa taratibu, alafu mulika tochi ya simu kwa ubavuni, namba zinajitokeza zenyewe kwa kivuli.

Kama kibati kimeng'olewa usikate tamaa, sura inasema. Bedford, lori la Uingereza, yenye boneti ndefu mbele mara nyingi ni modeli ya TJ, ilitoka 1958. Bedford yenye uso bapa na vidirisha vya bati ubavuni nyuma ya mlango ni TK, injini yake imekaa nyuma ya kiti cha dereva na unaifikia kwa kufungua hivyo vidirisha, ilianza mwishoni mwa 1959 ikaendelea kutengenezwa mpaka miaka ya 1980 kwahiyo sura peke yake haitoshi kukupa mwaka. Scania ikiwa bado imeandikwa Scania-Vabis basi ni ya kabla hawajaliacha jina la Vabis, yaani 1968 kurudi nyuma. Na kuna kitu nakipenda sana, vifaa vya umeme vya Lucas, kampuni ya Uingereza. Kwenye dainamo au stata pangusa grisi pale kwenye ganda, utaona namba zimegongwa kwenye chuma, mfano 8 61, huo ni mwezi wa nane 1961. Kifaa kinaweza kuwa kilibadilishwa njiani ndo maana usiandike kwamba lori ni la 1961, andika dainamo ni ya 1961, alafu tafuta ushahidi mwingine.

Milango iangalie kuliko kitu chochote. Zamani waliandika jina la mwenye gari, sanduku la posta na mji, wengine na uzito. Kuna mlango mmoja tuliupangusa na kitambaa cha maji asubuhi mapema jua likiwa linapiga ubavuni, chini ya rangi ya bluu iliyochuja ikaanza kuonekana herufi S, alafu L, alafu P, alafu kwa mbali LINDI kwa rangi ya manjano iliyoandikwa kwa brashi, unaona kabisa mkono wa mwandishi ulivyopindisha mkia wa L. Angekuja mtu na msasa pale ingekuwa imeisha. Ndo maana mi nasema wazi, lori lenye rangi yake ya kazini lina thamani kuliko lililopakwa jipya likang'aa kama kijiko. Majarida ya nje kurasa nyingi yanakupa yale yanayong'aa, yaangalie, yafurahie, ila usiige hiyo.

Tuje kwenye majarida yenyewe. La Uingereza linaloitwa Commercial Motor lipo tangu 1905 na matoleo yake mengi ya zamani yaliingizwa mtandaoni, humo unakuta majaribio ya barabarani ya lori likiwa jipya kabisa, mlima gani lilipanda kwa gia gani, lilikunywa mafuta kiasi gani. Kuna Heritage Commercials, hilo ni la wapenzi wa malori ya kale ya Uingereza. Kwa Marekani kuna chama cha historia ya malori kinaitwa American Truck Historical Society, kilianzishwa 1971, jarida lao ni Wheels of Time. Kwa sisi yale ya Uingereza ndo yana faida zaidi maana ndo waliotuletea Bedford, Leyland, Albion na wenzake. Ya Marekani ukiyasoma kumbuka kwao "truck" ni pamoja na pikapu, kwahiyo unaweza kununua toleo zima ukakuta Ford na Chevrolet za kubebea nyasi tu. Nakala za karatasi ulizia kwa wauza vitabu vya mitumba Dar, ukiwa na ndugu anayepanda basi kuja huku mpe hela ya kununua.

Jarida likifika anza kulisoma kutoka nyuma. Barua za wasomaji na matangazo ya vipuri ndo kuna mali, hapo mtu anaeleza alibadilisha sili ya pampu ya maji na akatumia ya gari gani, mwingine anatafuta kioo, mwingine anamsahihisha mwandishi kwamba ile gia boksi sio ya mwaka ule. Ukimaliza hapo ndo urudi kwenye makala. Chunga vipimo, galoni ya Uingereza ni lita 4.546 na ya Marekani ni lita 3.785, tani ya Uingereza ni kilo 1,016. Na wakiandika lori la tani 7 kwenye magazeti ya zamani ya Uingereza walikuwa wanamaanisha mzigo linaobeba, sio uzito wa gari na mzigo wake.

Kutunza majarida huku pwani ni kazi. Mi nilikuwa na boksi zima nililiweka sakafuni chumba cha uani, nikasafiri kwenda Masasi miezi miwili, kurudi mchwa wametoboa kutoka chini mpaka juu kama wamepitisha drili, na mpaka leo nikikumbuka naumia. Sasa nayaweka kwenye tranka la bati, tranka liko juu ya matofali mbali na ukuta, ndani naweka majani ya mwarobaini yaliyokauka kabisa na kila mwezi nayatoa yapate hewa kivulini. Usiyafunge kwenye mfuko wa nailoni ukayasahau, unyevu unabaki ndani kurasa zinagandana.

Kama mwenye lori amekuruhusu uguse, kuna mambo matatu tu nitakuambia, mengine muachie fundi wa makamo aliyewahi kuyashika. La kwanza ni spana. Haya magari ya Uingereza nati zake ni za inchi, na mafundi wengi wa sasa wana spana za milimita peke yake, wanalazimisha. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, ukiweka spana ya 13 inaingia vizuri tu ila inacheza, ukivuta kwa nguvu kwenye nati yenye kutu kona zote sita zinaisha na hapo ndo watu wanaitisha gesi wakate. Ya inchi 9/16 ni milimita 14.29, spana ya 14 haiingii na ya 15 inapwaya. Ya robo tatu ndo ina nafuu, ni 19.05, ile ya 19 mara nyingi inaishika. Na ya zamani zaidi yana Whitworth, kipimo cha kale cha Waingereza, ambayo spana yake inaandikwa unene wa bolti badala ya upana wa kichwa, kwahiyo usishangae spana imeandikwa robo na ni kubwa kuliko ulivyotegemea. Nati ikigoma weka mafuta, lala, rudi kesho.

La pili, kabla hujafunga betri angalia waya gani umeenda kwenye chesi. Magari mengi ya Uingereza ya zamani ncha chanya ya betri ndo imefungwa kwenye chesi, sio hasi kama gari zetu za sasa, ukifunga kwa mazoea unaunguza vitu.

La tatu ni chumvi, ikipiga upepo wa kusi hapa Shangani au Mikindani hata bati la nyumba linalalamika. Osha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi, toa tope lililojaa kwenye maungio ya chesi maana ndo linashika unyevu, alafu paka grisi. Oili chafu watu wanamwaga sana ila ikigusa mipira ya breki na mipira ya rejeta inaivimbisha.

Na nusu ya pili, wazee. Mikindani kuna mzee aliyeendesha TK miaka mingi akibeba korosho kutoka Newala kushuka bandarini. Nilienda na kahawa na jarida. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, hilo gazeti la nini?" Usimuulize nguvu ya injini, hiyo ipo kwenye jarida. Muulize asubuhi alikuwa anaiwashaje, utingo alikuwa anafanya nini, walilala wapi. Huyu akaniambia wakipanda kile kilima cha kwenda uwanda wa Makonde na mzigo, utingo alikuwa anashuka anatembea nyuma ya tairi na gogo mkononi, gari likipumua tu anachomeka gogo, dereva anabadili gia, wanaendelea, hivyo hivyo mpaka juu. Hiyo hamna mwandishi wa Uingereza aliyeiandika.

Mwisho nikamfungulia ukurasa wenye picha ya TK imefunguliwa kile kidirisha cha ubavuni. Akaishika karibu na macho, akaweka kidole juu ya injini pembeni kidogo, akasema hapa ndo tulikuwa tunabandika birika, ukifika Mtama chai tayari. Nikaandika pembeni ya picha pale pale, kwa penseli, maana wino huku unyevu unautapanya.